Baada ya Mutanga ni Wapi?

Mwaka 1992 Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyejitosa kwenye filamu, aliwapa Warundi filamu yao ndefu ya kwanza ya kuigiza, "Gito l'ingrat". Gito ni kijana aliyesomea Paris. Anarudi Bujumbura na shahada yake, majivuno yake na hakika kwamba kiti cha uwaziri kinamsubiri. Kiti hakipo. Siku zinapita, na msomi wa Ulaya anazunguka mjini bila kazi huku mapenzi yake nayo yakimtokea puani. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, na ililenga kizazi kilichozoea kuona aliyemaliza chuo kikuu akiingia ofisi ya serikali kana kwamba anarudi nyumbani.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye, kisa hicho kimekuwa habari ya kila siku mjini Bujumbura, ila Gito wa sasa haoti uwaziri. Anaota mazoezi ya kazi ya miezi mitatu, hata yasiyo na malipo.

Anayetaka kumwona aende Nyakabiga. Mtaa huu umepakana na kampasi ya Mutanga, makao makuu ya Chuo Kikuu cha Burundi, na kwa miaka mingi maisha yake yameshikana na ya wanafunzi. Vyumba vya kupanga vinagawanywa na wawili au watatu. Vibanda vya fotokopi vinauza nakala za mihadhara, kwa sababu kitabu chenyewe kinapatikana maktaba tu, tena kikipatikana. Jioni ni maharage, ugali na ndagala, na mishikaki pale pesa inapoingia. Kwenye kona kuna wakala wa pesa za simu wa Lumicash, na huenda aliyekaa nyuma ya meza hiyo ni mwanafunzi wa uchumi anayejipatia ada ya muhula ujao.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, miaka miwili tu baada ya uhuru. Leo kampasi zake zimetawanyika. Mutanga ndiko kwenye sheria, fasihi na uchumi. Kamenge, kaskazini, ndiko kwenye udaktari na hospitali ya kufundishia. Kiriri iko mlimani, katika majengo ambayo mapadre Wajesuiti waliyajenga miaka ya 1950 kwa ajili ya Collège du Saint-Esprit. Ukisimama kwenye baraza zake unaona mji wote chini yako, Ziwa Tanganyika, na milima ya Kongo ng'ambo. Wahandisi wa kesho wa Burundi wanasomea mahali penye mandhari ambayo hoteli nyingi zingeitamani.

Tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita vyuo binafsi navyo vimeongezeka: Université Lumière, Université du Lac Tanganyika, na Hope Africa University, iliyoanzia Nairobi kabla ya kuhamia Bujumbura. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilikuwa tayari na wahitimu wengi kuliko nafasi ambazo serikali ingeweza kuzitoa. Mageuzi ya mwaka 2011 yakaleta mfumo wa BMD, yaani miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha uzamili, kisha uzamivu, badala ya ule wa zamani wa Kibelgiji. Lengo lilikuwa vyeti vitambulike nje ya mipaka. Kwenye makaratasi jambo hilo limefanikiwa.

Mfukoni mambo ni mengine. Mwaka 2017 serikali iligeuza ruzuku ya masomo kuwa mkopo, ambao mwanafunzi ataulipa akishapata kazi. Wanafunzi waligoma, na baadhi ya waliotajwa kuwa vinara wa mgomo wakakamatwa. Hasira yao ilikuwa na hoja: kudaiwa na dola kabla hujajua kama kazi ipo ni mzigo unaotangulia safari. Kisha likaja suala la usafiri. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilifukuzwa katikati ya mji, na uhaba wa mafuta uliofuata ukafanya foleni za basi kuwa ndefu kupindukia. Anayeishi mtaa wa Kinama na kusoma Mutanga amejifunza kutembea. Kipindi cha saa mbili asubuhi kinaanza kwa mguu alfajiri.

Na bado, Jumamosi ikifika, viwanja vinajaa. Asubuhi ni kazi za jumuiya, utaratibu wa nchi nzima: kufyeka, kuzibua mifereji, kufagia. Baada ya hapo ni michezo. Bujumbura ina desturi ya kukimbia kwa makundi, watu ishirini, thelathini, wanapanda barabara za mlimani huku wakiimba na kupiga makofi. Desturi hiyo iliwahi kuitia serikali wasiwasi. Machi 2014, baada ya wakimbiaji wa chama kimoja cha upinzani kugongana na polisi, mbio za makundi zilizuiwa isipokuwa katika maeneo yaliyotengwa. Ni miji michache duniani ambako kukimbia polepole kumewahi kuhitaji ruhusa.

Michezo na siasa zimekaa karibu hapa kuliko mgeni anavyodhani. Chuo kina taasisi ya elimu ya viungo na michezo, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa IEPS. Pierre Nkurunziza alihitimu hapo mwaka 1990, akawa mwalimu msaidizi chuoni na kocha wa timu za soka kabla ya kwenda msituni na hatimaye kuwa rais. Évariste Ndayishimiye, aliyemrithi mwaka 2020, alikuwa mwanafunzi wa sheria Mutanga. Wote wawili waliikimbia kampasi ileile mwaka 1995. Juni mwaka huo wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya mabweni yao, na walionusurika wengi wakaishia katika uasi. Katika mauaji ya mwaka 1972 pia wanafunzi na wasomi walikuwa miongoni mwa waliosakwa kwanza. Chuo kinachoonekana leo kikibishana juu ya matokeo ya mechi kina makaburi katika kumbukumbu yake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyasikia mapema, kwa sauti ya chini, kutoka kwa jamaa aliyemtangulia.

Kizazi cha karibu zaidi kina kumbukumbu yake. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipoanza Aprili 2015, chuo kilifungwa na mabweni yakaondolewa watu. Mamia ya wanafunzi wasio na nauli wala ujasiri wa kurudi mikoani walipiga kambi pembeni mwa ubalozi wa Marekani. Walikaa hapo wiki kadhaa chini ya maturubai. Polisi walipokuja kuwaondoa tarehe 25 Juni, wanafunzi walijipenyeza chini ya lango la ubalozi, mmoja mmoja, wakitambaa kwa tumbo hadi kwenye maegesho ya magari. Picha zile zilizunguka dunia.

Turudi viwanjani. Shujaa wa wanamichezo wa Burundi ni Vénuste Niyongabo, na sababu si medali tu. Mwaka 1996 huko Atlanta, Olimpiki ya kwanza ya Burundi, alikuwa na nafasi katika mita 1,500, mbio alizozimudu vizuri kuliko zote. Akampa nafasi hiyo mwenzake mkongwe, Dieudonné Kwizera, aliyepigania kwa miaka nchi yao ikubaliwe kwenye Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, umbali aliokuwa ameukimbia mara chache mno, akashinda. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Burundi. Fedha ya Francine Niyonsaba, mita 800 huko Rio mwaka 2016, ndiyo inayoifuata.

Kikapu ndicho mchezo wa mjini. Dynamo, Urunani na New Star zina mashabiki wanaojua takwimu za wachezaji kuliko ratiba zao za mitihani. Machi 2024 Dynamo ilikuwa timu ya kwanza ya Burundi kuingia Ligi ya Kikapu ya Afrika, ikaenda Pretoria na kuifunga Cape Town Tigers kwenye mchezo wa kwanza, tangazo la "Visit Rwanda" kwenye jezi likiwa limefunikwa kwa utepe. Mechi mbili zilizofuata hazikuchezwa: timu ilikataa kuvaa jezi yenye tangazo hilo, ikatolewa mashindanoni. Vijana waliofanya mazoezi mwaka mzima walirudi nyumbani bila kufungwa na mtu. Ugomvi wa majirani wawili ulikuwa mkubwa kuliko mpira.

Kuna pia wanamichezo wasiorudi. Agosti 2023 wachezaji kumi wa timu ya Burundi ya mpira wa mikono ya chini ya miaka 19 walitoweka Rijeka, Kroatia, katikati ya mashindano ya dunia. Mwaka mmoja kabla yake mlango mwingine ulikuwa Serbia. Raia wa Burundi waliruhusiwa kuingia Belgrade bila viza, zawadi ya Serbia baada ya Bujumbura kufuta utambuzi wake wa Kosovo mwaka 2018. Habari zilipoenea, vijana waliuza mashamba ya baba zao, wakaacha masomo, wakapanda ndege, na kutoka huko wakaelekea Ubelgiji na kwingineko. Oktoba 2022 Serbia ikaufunga mlango huo. Katika madarasa ya Bujumbura viti vilivyobaki wazi vilikuwa ushauri wa kazi wa aina yake, uliotolewa na watu ambao hawakuwa wameajiriwa kuutoa.

Ushauri rasmi ni haba. Ipo Benki ya Uwekezaji ya Vijana, BIJE, iliyoanza mwaka 2020, na upo mpango wa serikali wa kuwawezesha vijana kiuchumi, PAEEJ, uliofuata baadaye. Vyote viwili vinamwambia mhitimu: jiunge na wenzako, anzisha ushirika, lima, fuga, sindika. Wazo si baya. Ila mtu aliyesomeshwa miaka mitatu kuandika mapitio ya sheria ya katiba hawi mfugaji wa kuku kwa kusikiliza hotuba moja. Kati ya mhadhara na benki kuna pengo, na vyuo vyenyewe ndivyo vingepaswa kuliziba.

Kwa sasa linazibwa na watu wengine. Kamenge kuna Centre Jeunes, kituo kilichofunguliwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, wacheze uwanja mmoja na kusoma maktaba moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja kilibaki wazi, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Mwanafunzi wa chuo anapata humo jambo ambalo kampasi haimpi kwa urahisi: kusimamia kundi, kupanga ratiba, kusimama mbele ya watu.

Sanaa nayo imefanya kazi hiyo. Mwaka 2010 waandishi vijana, Roland Rugero akiwa mmoja wao, walianzisha Samandari, baraza la fasihi la kila Alhamisi. Anayetaka kusoma alichoandika anasoma, na wenzake wanakichambua bila huruma. Rugero, aliyewahi kuishi ukimbizini Rwanda na Tanzania, alichapisha riwaya ya "Baho!" mwaka 2012, na miaka minne baadaye ikatoka kwa Kiingereza. Ngoma, zilizoingia katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, ni ajira halisi kwa wapigaji wa arusini na mahafalini. Lakini tangu amri ya mwaka 2017 vikundi hubanwa na masharti ya kibali, na wanawake hawaruhusiwi kupiga. Binti anaweza kucheza mbele ya ngoma, kuigusa hapana. Ni hasara ya kujitakia: nusu ya chuo imefungiwa nje ya bidhaa ya utamaduni ambayo dunia inaitambua zaidi.

Linabaki suala la lugha. Mwanafunzi wa Bujumbura anafundishwa kwa Kifaransa na kutaniana kwa Kirundi. Kiswahili amekipata shuleni na mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na mara nyingi hakiandiki hata kwenye wasifu wake wa kazi. Soka ilikwisha kuona thamani ya njia ya mashariki. Mrundi Amissi Tambwe aliongoza kwa mabao ligi ya Tanzania mara mbili, akiwa Simba msimu wa 2013/14 na akiwa Yanga 2015/16. Mrundi mwenzake, Saidi Ntibazonkiza, alilingana na Fiston Mayele kileleni mwa wafungaji wa ligi hiyo mwaka 2023. Wachezaji waliuona mlango huu kabla ya wahasibu.

Sasa unapanuka. Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, karibu kilomita 280, ulizinduliwa mwaka 2025 ili kuifikia nikeli ya Burundi. Reli ya namna hiyo inataka wapima ardhi, wahasibu, mawakala wa forodha, wanasheria wa mikataba na watafsiri. Vyuo vya Bujumbura vifungue ofisi za kuwatafutia wanafunzi mazoezi ya kazi Kigoma na Dar es Salaam kabla kampuni hazijaleta watu wao wenyewe. Na mwanafunzi wa Kiriri asingoje ofisi hiyo: aandike barua ya maombi mwaka huu, tena kwa Kiswahili.