Njia ya Miguu na Njia ya Maji katika Vilima vya Kericho na Bomet

Mtu atokaye mjini Kericho kwa miguu kuelekea mashariki hupita kwanza katikati ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama meza, kisha huingia katika msitu wa Mau, upande wake wa kusini-magharibi. Njia anayoifuata yaonekana kuwa ni kitu kidogo tu: upana wake hatua moja, udongo wake mwekundu, na kando yake majani. Lakini katika nchi yenye mvua nyingi kama hii, njia ya miguu ni kazi kubwa, nayo ikikatwa vibaya yaweza kuharibu kilima kizima. Kwa kuwa siku hizi wako watu wapendao kutembea katika vilima hivi kwa kujifurahisha, na kwa kuwa sheria yawaruhusu wakaaji wa kando ya msitu kupata riziki kwa kuwaongoza, yafaa jambo hili lielezwe.

Kwanza ifahamike habari ya mvua. Kericho uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 2,000, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,800. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana, hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima ya Mau, na mawingu hukusanyika. Ndiyo sababu asubuhi mara nyingi huwa nyeupe na tulivu, na alasiri mvua hushuka kwa nguvu, pengine pamoja na mvua ya mawe. Ni sehemu chache duniani zipatazo mvua ya mawe mara nyingi kama Kericho na Nandi. Wachuma chai wanaijua sana, maana hupasua majani machanga kwa dakika chache. Mtembezi mwenye busara huondoka alfajiri, na saa nane ya mchana huwa amekwisha kuvuka mto wa mwisho.

Sasa, mvua hiyo ikianguka ndani ya msitu haitiririki sana juu ya ardhi. Majani makavu, mizizi, na matundu ya wadudu huufanya udongo uwe kama sifongo, nao huyanywa maji na kuyatoa polepole katika chemchemi hata wakati wa kiangazi. Njia ya miguu ni kinyume cha hayo. Udongo wake umekanyagwa hata ukawa mgumu, na maji hayapati pa kuingia. Basi nayo hufanya kama watu wafanyavyo, hufuata njia. Ikiwa njia yashuka moja kwa moja toka kileleni hadi mtoni, maji hupata mbio, na kila mvua huchukua udongo kidogo. Baada ya miaka michache njia imekuwa mtaro wa kufika magotini. Wapitao huichukia kwa utelezi wake, hukata nyingine kando yake, na hiyo nayo huwa mtaro. Mtu aweza kuona mitaro mitatu au minne sambamba katika mteremko mmoja, ambayo yote ilianza kwa mtu mmoja aliyetaka kufika upesi.

Jambo hili la maji na ardhi lilichunguzwa kwa vipimo katika nchi hii hii ya Kericho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki lilichagua mabonde mawili katika Mau. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, karibu nusu ya msitu ilikatwa ili kupandwa chai. Mvua na maji ya vijito vilipimwa kwa miaka mingi katika mabonde yote mawili. Ilionekana ya kwamba wakati ardhi ilipokuwa wazi, maji ya mvua kubwa na udongo ulioletwa nayo viliongezeka. Lakini chai ilipokua na kuifunika ardhi, kijito kilitulia tena, na maji yaliyotumiwa na chai hayakuwa mbali sana na yale yaliyotumiwa na msitu. Isidhaniwe kwamba hiyo ni ruhusa ya kukata miti. Sambret ulilimwa kwa uangalifu mwingi, mistari ya chai ikikingama mteremko na mitaro ikipimwa. Shamba la mahindi lililolimwa juu chini katika mteremko kama huo halina ulinzi wa namna hiyo, wala kijia kilichokanyagwa na kila mtu.

Basi njia njema hukatwaje? Haishuki kilima, bali hukizunguka, ikipanda au kushuka kidogo kidogo. Penye mteremko mkali huenda mshazari na kugeuka, kwenda na kurudi. Ukingo wake wa upande wa bonde huwa chini kidogo kuliko ule wa upande wa mlima, ili maji yavuke njia na kutoka badala ya kuifuata. Pasipo budi njia ishuke, magogo hulazwa mshazari ardhini, moja baada ya jingine, na kila gogo hutupa maji majanini. Mto huvukwa mahali pamoja tu, penye mawe au daraja la magogo. Njia isifuate ukingo wa mto hata kama wapendeza macho, kwa maana miti ya ukingoni ndiyo iushikao udongo.

Wako watu waliokuwa na njia katika Mau kabla ya mchai wa kwanza kupandwa. Waogiek waligawana msitu kwa koo, na eneo la kila ukoo lilipanda toka miti ya chini hadi mianzi ya juu, kwa kuwa maua hayachanui kwa wakati mmoja katika pande zote, na mwenye mizinga hana budi kuwafuata nyuki. Mti uitwao silibwet, ambao jina lake liko pia katika kituo cha Silibwet huko Bomet, ni mmojawapo wa miti ya asali wanayoisifu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua ya kwamba haki za Waogiek zilivunjwa walipofukuzwa msituni, na mwaka 2022 iliamuru walipwe fidia. Atakaye kukata njia mpya angefanya vema kuwauliza wazee wao kwanza.

Madhara ya njia mbaya hayaishi kijijini. Itare na Kiptiget hupeleka maji katika Sondu, na Sondu katika Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala huungana kuwa mto Mara, unaopita Maasai Mara na Serengeti hadi ziwani katika nchi ya Tanzania. Katika maporomoko ya Tenwek, maji ya Nyangores huzalisha umeme wa hospitali ya misheni. Na kila mwenye bwawa ajua udongo ukijaa hufanya nini. Msitu wenyewe umepungua: mwaka 2001 serikali iliondoa hekta 61,000 hivi katika hifadhi za Mau. Ukanda wa chai ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986, ulikusudiwa uwe kama ua kati ya mashamba na miti.

Kwa sheria ya misitu ya mwaka 2016, wakaaji wakijiunga katika chama cha msitu waweza kupewa na Shirika la Huduma za Misitu ruhusa ya kuokota kuni, kurina asali, na kutembeza wageni. Mgeni hupata ruhusa katika kituo cha msitu, na kwa meneja iwapo njia yapita katika shamba la kampuni. Aende na kiongozi, kwa kuwa ndani ya Mau wamo tembo, na penye mianzi mtu hawaoni mpaka awafikie. Akikutana na mama aliyejitwisha kuni, yeye ndiye apishaye, tena apishe mahali pagumu, asikanyage majani ya kando na kupanua njia.

Wasiozoea waanzie Chagaik, karibu na Kericho, katika bustani ya miti iliyopandwa na mkulima wa chai aliyeitwa Grumbley baada ya Vita Kuu ya Pili. Na watengenezao njia waikague si wakati wa jua, bali mwezi wa Aprili au Mei alasiri, mvua inaponyesha, wakiwa na jembe mkononi. Mahali maji yanapoanza kutembea njiani ndipo pa kulaza gogo.