Harufu ya pombe pekee haitoshi kumtia dereva hatiani

SUMBAWANGA

KWA dereva anayepakia samaki na mizigo katika bandari ya Kabwe, wilayani Nkasi, na kupanda nayo hadi Sumbawanga, leseni ndiyo jembe lake. Akikamatwa kwa tuhuma za ulevi anaweza kukosa kazi hata kabla shauri lake halijasikilizwa. Kwa upande mwingine, mlevi akiachiwa kwa sababu ushahidi umevurugwa, abiria na watembea kwa miguu ndio watakaolipa kwa maisha yao.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inatambua makosa mawili yanayofanana, lakini hayathibitishwi kwa njia moja. La kwanza ni kuendesha gari huku dereva amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. La pili ni kuendesha akiwa na kilevi kinachozidi kiwango kilichowekwa, ambacho kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Kosa la kwanza huhitaji ushahidi wa mwenendo, kwa mfano gari lilivyoyumba na jinsi dereva alivyosimama na kuzungumza. La pili huhitaji kipimo. Harufu ya pombe huonyesha tu kwamba mtu amekunywa. Haionyeshi amekunywa kiasi gani.

Kipimo nacho kina masharti yake. Mtu aliyetoka kunywa muda huo huo huwa na mabaki ya pombe kinywani, na kifaa kinaweza kusoma kiwango kikubwa kuliko kilichomo katika damu. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kusubiri dakika 15 kabla ya kupima. Kifaa ambacho hakijahakikiwa usahihi wake nacho humpa wakili wa utetezi hoja nzito.

Kuchelewa pia ni kosa. Mwili huondoa takriban miligramu 15 za kilevi katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyekuwa na miligramu 90 alipokamatwa anaweza kubaki na 60 baada ya saa mbili. Kutoka Kabwe hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 100, hivyo askari anayesubiri kufika mjini ndipo damu ichukuliwe anaweza kumnusuru mwenye hatia.

Hatari zaidi ni kumdhania mgonjwa kuwa mlevi. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, au aliyeumia kichwa ajalini, anaweza kupepesuka na kuzungumza ovyo. Huyo anastahili kupewa fomu ya PF3 na kupelekwa hospitali, kwani akilazwa mahabusu anaweza kufa.

Nchini Kenya, wafanyabiashara wa baa walizipinga mahakamani kanuni za mwaka 2011 za kipima ulevi. Aprili 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao kwamba kanuni hizo zilikwenda kinyume cha sheria mama, ambayo ilitaka ithibitishwe kuwa dereva ameshindwa kulimudu gari, si kuwa na kiwango fulani cha kilevi tu. Kwa Tanzania hoja hiyo haina nguvu ile ile, kwa kuwa kosa la kuzidisha kiwango limo ndani ya sheria yenyewe.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari amweleze mtuhumiwa sababu ya kumkamata, na inampa mtuhumiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Asiye na uwezo anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo, kosa la askari halifuti kesi moja kwa moja. Mahakama ndiyo inayopima iwapo ushahidi uliopatikana isivyo halali upokewe au ukataliwe.

Jambo ambalo dereva hapaswi kulifanya ni kukiri kosa kizimbani ili mambo yaishe haraka. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, kwa kawaida hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Dosari za kipimo, hata ziwe kubwa kiasi gani, huenda zisipate tena nafasi ya kusikilizwa.