Imbwa Akiuma Mutoto, Usimupige Mutoto

Imbwa anatulindia nyumba wakati baba iko kazi ya usiku kwenye machimbo, na paka anatufukuzia panya. Lakini je, munafahamu kichaa cha imbwa, ugonjwa wanaouita raji?

Unapita katika mate ya nyama mugonjwa. Imbwa mupole anakuwa mukali bila sababu, ao anajificha. Mate yanamutiririka, miguu inalegea. Paka pia anaweza kuupata.

Kwa mutu, dalili zinaweza kukawia majuma ao miezi. Zikiisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Mbele ya hapo, njia iko. Mwaka 1885, kule Ufaransa, Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa, alipewa chanjo ya Louis Pasteur, akaishi.

Basi mufanye hivi. Muoshe kidonda palepale na maji mengi na sabuni, dakika 15. Musitie makala wala mafuta. Siku ileile mupeleke mutoto kwa munganga. Sindano si moja tu, musiache katikati. Imbwa akijulikana, afungwe mahali salama, aangaliwe siku 10. Na kila mwaka, imbwa na paka wapate chanjo.

Neno la mwisho, muzazi: mutoto aliyechokoza imbwa anaogopa fimbo, kwa hiyo anaficha kidonda. Umwambie leo: "Ukiumwa, hata kidogo, uniambie. Sitakupiga." Neno hilo linaweza kumuokoa.