Mwili wenye SS na kazi za kila siku

Seli mundu, ambayo Wakongo wengi huiita SS, hugeuza chembe nyekundu za damu ziwe na umbo la mundu zinapokosa oksijeni. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo ya damu, na maumivu makali hufuata. Huko Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, kazi yenyewe ni zoezi: kulima, kutwanga, kubeba maji. Hivyo kumkataza mgonjwa kila kitu ni kosa. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa mazoezi ya kiasi, kwa wiki 8, yanaimarisha misuli yake. Hatari ni jua kali, kiu, kukimbia hadi kuishiwa pumzi na kuoga maji baridi mara baada ya jasho. Baada ya maumivu kupoa, aanze kwa kutembea uani. Homa ikipanda, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.