Mkonge Mdogo wa Jangwani na Maji ya Kila Asubuhi

Darasani mwetu kulikuwa na mikonge midogo minne ya mapambo. Sasa umebaki mmoja. Ile mitatu iliuawa na watu wa zamu, ambao wakimaliza kufagia waliimwagia maji kila asubuhi. Walidhani wanaitunza!

Mmea huu ni wa jamii moja na mkonge wa mipakani, ule wa kutengenezea kamba za kufungia ng'ombe. Asili yao ni Meksiko. Mkonge wa kamba uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai.

Huu mdogo kwao ni jangwani, mvua ni ya bahati. Majani yake manene ndiyo mtungi wake. Vitundu vya majani hufungwa mchana jua likiwaka, vikafunguka usiku kuingiza hewa, hivyo maji hayapotei ovyo. Sasa uulete huku Kisii na Nyamira, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Kwani utaona kiu saa ngapi? Huku kwetu hufa kwa kuoza mizizi. Tena majani ya chini yakilegea na kuwa manjano, mtu huona ni kiu, anaongeza maji. Basi kwisha!

Tafuta mkebe, utoboe matundu chini, utie kokoto. Udongo wetu mwekundu ukishindiliwa mkebeni hushika maji, kwa hivyo uchanganye nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti mpaka chini. Kikitoka na udongo umekigandia, wacha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, halafu uusahau. Mvua ya Aprili isiunyeshee, lakini jua liufikie. Likizo ya Agosti hakuna aliyeugusa huu wetu pale dirishani, na ndipo ukanenepa.

Jihadharini na miba, na utomvu wake huwasha ngozi. Chipukizi likitokea shinani, likate, ulianike kivulini siku chache kidonda kikauke, ndipo upande. Mmea wenyewe huchanua mara moja tu baada ya miaka mingi, kisha hufa.

Wetu umetoa machipukizi mawili. Moja nimewaahidi Kidato cha Tatu Mashariki, wakinionyesha kwanza mkebe uliotobolewa.