Mwajiri Asiyeonekana: Watunzaji wa Los Angeles na Mkataba Wao

Kabla jua halijachomoza, katika mtaa mmojawapo wa Los Angeles, mwanamke hushuka basi akaenda kubisha hodi katika nyumba ya mzee asiyeweza kuinuka kitandani pasi na kushikwa. Humgeuza ubavu kwanza, akautazama mgongo usije ukafanya vidonda vya kulalia. Kisha humwosha, humvisha, humpikia, humhesabia vidonge vyake, na humhamisha kutoka kitandani hata kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu za kiuno chake mwenyewe. Muda wa malipo ukitimu, yeye na mzee hutia sahihi hesabu ya saa za kazi, ikapelekwa serikalini ili ujira utoke. Kazi hii haina siri hata chembe. Lakini kwa miaka mingi palikuwa na suali moja ambalo mtunzaji, mzee na serikali hawakulijibu kwa kauli moja: mwajiri ni nani?

Suali hilo laonekana dogo, nalo ndilo shina la kadhia yote, kwa kuwa mkataba ni ahadi ya pande mbili, na asiyejua wa kuahidiana naye hana la kuandika. Tangu 1973 jimbo la California lina mpango wa kulipia utunzaji wa majumbani, ili wazee maskini, vipofu na walemavu wasilazimike kwenda kuishi katika nyumba za kutunzia wagonjwa. Katika mpango huo mtunzwaji ndiye achaguaye mtu wa kumhudumia, ndiye amwelekezaye, na ndiye awezaye kumwachisha kazi. Kaunti hupima haja yake na kumkadiria saa. Nazo fedha hutoka katika hazina za kaunti, za jimbo na za serikali kuu. Hivyo kila mmoja alishika kipande cha mamlaka ya mwajiri, na kila mmoja, alipoulizwa habari ya dhima, alimwelekezea mwenziwe kidole.

Wala sheria ya nchi haikuwa kimbilio. Sheria ya kima cha chini cha mshahara, iliyopitishwa Marekani mwaka 1938, iliwaacha nje watumishi wa majumbani. Na ilipotanuliwa mwaka 1974 ili iwaingize, waliondolewa wale walioitwa wasuhuba wa wazee na wagonjwa, kana kwamba kumwinua mtu mzima kutoka bafuni ni mazungumzo ya jioni barazani. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaica aliyetunza wagonjwa katika jimbo la New York, alidai mahakamani malipo ya saa za ziada. Mwaka 2007 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliafikiana kwamba kanuni iliyomnyima ilikuwa halali. Alifariki mwaka 2009. Kanuni mpya, iliyowapa watunzaji wengi haki hiyo, ilitolewa mwaka 2013.

Huko Los Angeles, chama cha wafanyakazi wa huduma, SEIU, kilianza kuwakusanya watunzaji mwaka 1987. Mwenye kuwakusanya makuli husimama penye lango la bandari, na wa kiwandani hungoja kengele ya kutokea. Lakini watunzaji hawana lango wala kengele, kila mmoja yu peke yake nyuma ya mlango wa mtu mwingine, na aghalabu mtu huyo ni mama yake mzazi au nduguye. Ikawa hapana hila ila kwenda nyumba kwa nyumba. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walikuwa vidole maelfu visivyojuana. Kisha mwaka 1990 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kaunti si mwajiri wao, na mlango ukafungwa.

Hapo ndipo ilipodhihiri busara ya viongozi wao: mwajiri alipokuwa haonekani, waliazimia aumbwe kwa sheria. Lakini jambo hilo lilihitaji ridhaa ya watunzwaji, na walemavu waliopigania miaka mingi haki ya kujitawala katika nyumba zao walihofu kwamba chama kingewapokonya uchaguzi wa nani aguse miili yao. Insafu ilipatikana kwa kugawa mambo mawili: mtunzwaji abaki na haki ya kuajiri na kuachisha, na baraza la umma, ambalo watunzwaji wenyewe wanaketi ndani yake, liwe ndilo la kuketi na chama kujadili ujira. Sheria ya jimbo iliruhusu mabaraza hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na la Los Angeles likaundwa mwaka 1997. Februari 1999 watunzaji wapatao 74,000 waliitwa kupiga kura kwa posta. Zaidi ya 16,000 walikitaka chama, na waliokikataa hawakufika 2,000. Kwa zaidi ya nusu karne Marekani haikuwa imeona kundi kubwa kiasi hicho likiingia katika chama kwa mara moja.

Wakati huo ujira wao ulikuwa dola 5.75 kwa saa, yaani kima cha chini kabisa cha jimbo. Mikataba iliyofuata iliupandisha hatua kwa hatua, na ikaleta bima ya afya kwa watimizao kiasi maalumu cha saa kwa mwezi. Hata hivyo mkataba si hirizi. Mfuko wa serikali ukipungua, saa za mzee ndizo huwa za kwanza kutazamwa, na saa zikikatwa ujira umekatwa, ingawa kazi ya kumgeuza ubavu haikupungua. Fauka ya hayo, mwaka 2014, katika kesi iliyotoka jimbo la Illinois, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba watunzaji wa namna hii wasiotaka chama wasilazimishwe kukichangia. Tangu hapo chama hakina budi kumshawishi kila mtu mlangoni mwake, kama siku ya kwanza.

Msomaji wa pwani yetu asidhani habari hizi ni za ng'ambo tu, kwani Waafrika Mashariki wengi walioko Marekani hula jasho la kazi hii; na huku kwetu, watumishi wa nyumbani, ambao baadhi yao hutunza wazee pia, wana vyama vya kuwasemea, KUDHEIHA nchini Kenya na CHODAWU nchini Tanzania. Kwetu hakuna haja ya kumtafuta mwajiri: yupo, amekaa sebuleni, na mtumishi amjua kwa jina na kwa ghadhabu zake. Kinachokosekana aghalabu ni karatasi. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Na saa za mwanamke alalaye sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, akiamka kila anapoitwa, ni mali kama mali nyingine.