Kutu Haipigi Hodi

Chini ya kituo cha petroli yamefukiwa matangi ambayo mwenye gari hayaoni. Tangi la chuma likikaa ardhini bila kinga, unyevu na chumvi za udongo hulila polepole hadi litoboke. Petroli ikivuja, huweza kuingia katika maji ya visima, na mvuke wake waweza kulipuka.

Marekani ilitoa kanuni mwaka 1988, ikawapa wenye matangi ya zamani muda hadi Desemba 22, 1998 kuyakinga, kuyabadili au kuyafunga. Kinga mojawapo ni kuliunganisha tangi na vipande vya zinki au magnesiamu, ambavyo huliwa badala ya chuma. Nyingine ni kupitisha umeme hafifu udongoni kuelekea kwenye tangi.

Lakini zinki huisha, na swichi huweza kuzimwa na mtu asiyejua kazi yake. Ndiyo maana kanuni hizo zataka kinga ipimwe kila miaka 3, na mtambo wa umeme ukaguliwe kila siku 60. Kinga isiyopimwa ni jina tu. Atakayelipa ni jirani mwenye kisima.